Nimepewa ukuu wa idara, sijawahi kufundishwa kuongoza wala kufundisha. Wahadhiri wa huku nyanda za juu mafunzo mnapata wapi?

forest_mpya, Mbeya

Wakuu habari za jioni, poleni na hii baridi, Mbeya wiki hii asubuhi hata maji ya kunawa yanauma.

Naomba mawazo kwa mnaofundisha vyuo vikuu, hasa wa huku kwetu Mbeya, Iringa na hata Njombe. Mi ni mhadhiri, chuo nakiacha bila jina. Mwaka huu natimiza miaka 9 kazini, nilianza TA, yani msaidizi wa kufundisha, nikaenda masta, nikarudi, PhD nimemaliza mwaka juzi. Mwezi uliopita nikaitwa juu nikapewa barua, kuanzia tarehe 1 we ndo mkuu wa idara, kipindi cha miaka 3. Makabidhiano yalichukua kama dakika 40, mzee aliyeniachia kiti akanipa funguo za kabati, muhuri na rundo la mafaili, akasema ratiba ya mitihani isikupite, mengine utajifunza humohumo.

Sa ndo niko humohumo. Idara ina walimu 14 na wawili kati yao walinifundisha digrii ya kwanza. Wiki ya kwanza tu natakiwa kugawa vipindi, mzee wangu mmoja hataki mwaka wa kwanza kwa sababu lile darasa lina wanafunzi 300 na ushee na maiki ya ukumbi ni mbovu, na namwelewa kabisa maana ana miaka 58 na koo linamsumbua, lakini nikimtoa yeye namweka nani, yule TA aliyeripoti Machi? Nimelala nalo siku tatu. Wiki ya pili bajeti ya idara, mi bajeti niliyowahi kuandika maishani ni ya utafiti wangu, ya nauli na posho za wasaidizi. Wiki ya tatu mtaala unapitiwa upya, kuna kamati ya ushauri ya watu wa viwandani inatakiwa ikae, barua za kuwaita naandika mimi, na sijui hata naanzaje kumwandikia mkurugenzi wa kiwanda aache kazi zake aje kukaa na sisi siku nzima.

Alafu kuna lingine linaniuma zaidi ya hayo. Mwalimu wa sekondari anasomea ualimu miaka 3, anaenda BTP, yani mazoezi ya kufundisha shuleni, anaandika andalio la somo, anakaguliwa akiwa ubaoni. Mi nilipewa kozi mbili za kufundisha wiki ya pili baada ya kuripoti kwa sababu nilikuwa na GPA nzuri, basi. Miaka 9 hakuna mtu aliyewahi kukaa nyuma ya darasa langu akaniambia hapa umekimbia, hapa hawajakuelewa. Fomu za tathmini wanafunzi wanajaza kila muhula, majibu yake sijawahi kuyaona. Na leo mimi ndo natakiwa kuwasimamia wengine wafundishe vizuri.

Swali langu ni hili. Mafunzo ya kweli ya uongozi wa chuo, na ya ufundishaji, watu mnayapata wapi? Si semina ya siku moja ya kusaini na kupiga picha ya pamoja. Nasikia kuna za Ujerumani, kuna za mradi wa HEET, kuna za Kampala, lakini kila nikisikia tangazo limeshapita, wenzetu wa Dar wanaambiana kwenye korido sisi tunasubiri barua ipande basi. Na kama mtu angeanza na moja aanze na ipi? Sina haraka ya safari, nina haraka ya hii idara.

mzee_gangilonga, Iringa

Kamwene mwanangu, hongera na pole, vyote viwili.

Nimekuwa mkuu wa idara mara mbili na amidi, yani mkuu wa kitivo, miaka 6, saivi nafundisha kwa mkataba baada ya kustaafu. Naanza na huyo mzee wako kabla ya kozi maana hilo haliwezi kusubiri tangazo. Usimpangie kwenye karatasi akaikuta imebandikwa ubaoni. Mfuate. Mi wangu nilimfuata nyumbani kwake Kihesa jioni, shikamoo yangu ikabaki palepale, nikamweka wazi kila kitu, walimu tuko wangapi, vipindi vingapi, wanafunzi wangapi, nikamuuliza mwalimu ungekuwa wewe ungefanyaje. Akanyamaza muda mrefu, mama akaleta chai na viazi vya kuchemsha, mwisho mzee akasema basi nitachukua wiki 7 za mwanzo, yule kijana akae darasani aone, alafu yeye achukue zilizobaki na mimi nikae nyuma. Yule kijana leo ni mhadhiri mwandamizi na bado anafundisha lile somo kwa mtiririko wa mzee. Mpaka leo sijaona semina iliyomfaa TA kuliko zile wiki 14, na haikugharimu chuo shilingi.

Sa tuje kwenye kozi. Hizo za Ujerumani unazozisikia ziko chini ya programu inaitwa DIES, wanaiendesha DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wanataaluma, pamoja na HRK ambalo ni baraza la marekta wa vyuo vikuu vya Ujerumani, ipo tangu 2001. Watu wanazichanganya kwa hiyo nikutenganishie. Ile ya maamidi, International Deans' Course, inataka mtu aliyeko kwenye kiti cha amidi au naibu wake, sisi wenyeji wetu kule walikuwa Osnabrück na Saarland. Kwa mtu kama wewe, kijana mwenye madaraka ya kwanza, tazama UNILEAD ya Chuo Kikuu cha Oldenburg. Kama kinachokusumbua ni kuandika proposo za kuomba fedha za utafiti ipo ProGRANT. Kila moja ina masharti yake ya cheo, uzoefu na nchi, na masharti hubadilika, soma tangazo la mwaka huo usitegemee la rafiki yako wa miaka mitatu iliyopita.

Kilichonisaidia mimi kule wala si mihadhara. Ni kwamba unaingia na tatizo la chuo chako mwenyewe, unaliandikia mpango, unarudi nyumbani unautekeleza, alafu mnakutana tena unaulizwa mbele ya wenzako umefika wapi. Mi nilienda na matokeo ya mitihani yaliyokuwa yanachelewa kila muhula. Nilikuwa naamini kabisa tatizo ni walimu hawasahihishi. Wakaniambia chora njia ya karatasi ya mtihani kuanzia ukumbini mpaka matokeo yanapobandikwa, kila mkono unaoigusa. Nikachora. Nikakuta hatua 11 na mwalimu yumo kwenye 3 tu, zile 8 ni ofisi, na kuna sehemu moja karatasi zilikuwa zinalala siku 9 zikisubiri sahihi ya mtu ambaye akishasaini hakuna anachokikagua. Kuna mwenzetu amidi kutoka Ghana akaniuliza hiyo sahihi ikiondoka nani ataumia? Sikuwa na jibu. Nilivyorudi tukaondoa sahihi mbili, ikachukua vikao vinne vya kamati na maneno mengi, lakini muhula uliofuata wanafunzi waliripoti wakakuta matokeo yao yapo. Nilikuwa nimewasema walimu wangu vibaya miaka miwili bure, nikawaomba radhi kwenye kikao cha idara.

Na uelewe kwamba maombi ya kozi hizi yanataka barua ya uongozi wa chuo, kwamba wanakuunga mkono na watakupa nafasi ya kutekeleza huo mpango. Wengi wa huku mikoani wanaangukia hapo, uwezo wanao, barua inachelewa kusainiwa. Kwa hiyo usisubiri tangazo ndo uanze kuomba barua. Mwandikie makamu mkuu wa chuo au naibu wake wa taaluma sasa hivi, ukurasa mmoja tu, tatizo la idara ni hili, nataka kulifanyia kazi, kozi ya aina hii ikitangazwa naomba mniunge mkono. Tangazo likitoka barua ni ya kubadilisha tarehe tu.

Ulizia pia ndani ya chuo chako nani alishapita DIES. Waliohitimu huwa wanapata nafasi ya kuendesha mafunzo hayohayo nchini kwao kwa wenzao, unaweza kuyapata bila kupanda ndege. Na AAU pale Accra, umoja wa vyuo vikuu vya Afrika ulioanzishwa 1967, nao huendesha warsha za viongozi wa vyuo.

faili_namba_moja

Habari dokta. Mi niko utumishi kwenye chuo cha umma huku huku nyanda za juu, naomba niseme ya ofisini kwetu maana walimu wengi hawayajui na sio kosa lao, hakuna anayewaambia.

Chuo cha umma kina mpango wa mafunzo. Kama jina la mtu wako halimo kwenye mpango, hata skolashipu ije imelipiwa kila kitu unaanza kuzungushwa. Mwaka wa fedha unaanza Julai lakini makadirio tunaanza kukusanya mapema sana, kwetu kuanzia Novemba. Wakuu wa idara tunawaandikia watupe orodha ya nani anahitaji nini, na nikwambie ukweli nusu hawajibu, na waliojibu wanaandika "PhD, PhD, masta" bila kusema ya nini wala lini. We ukileta karatasi inayosema fulani aende PhD Oktoba ya mwaka fulani, vipindi vyake atashika fulani, mwingine ahudhurie kozi fupi ya ufundishaji wiki 2, mi nakupitishia kwa sababu nina cha kuwaeleza wakubwa. Hiyo ni kazi ya mkuu wa idara na ndo mafunzo yenyewe yanapoanzia.

Mtu akienda masomo ya muda mrefu anasaini mkataba wa kurudi kutumikia, ausome, asisaini mlangoni akiwa na begi. Safari ya nje ya nchi inahitaji kibali, na kibali hakitoki siku mbili. Nimeshaona mtu analia ofisini kwangu, barua ya mwaliko aliipata mwezi mzima nyuma akakaa nayo akisubiri tiketi, alivyoileta zimebaki siku 5. Leteni barua siku mnayoipata jamani hata kama haijakamilika.

Kuhusu HEET, ule ni mkopo wa Benki ya Dunia kwa serikali, dola milioni 425, ulipitishwa 2021. Watu wanaona majengo tu, kama kampasi ya MUST, chuo cha sayansi na teknolojia cha Mbeya, kule Rukwa, lakini ndani yake kuna fungu la kusomesha wahadhiri wa vyuo vya umma masta na PhD, na hiyo kamati ya watu wa viwandani unayoisema nayo imetiliwa mkazo na mradi huohuo. Chuo chako kama kimo kina mratibu wake. Nenda kamuulize ana kwa ana fungu la mafunzo limebaki kiasi gani na idara yako imepata wangapi. Usimtumie imeili, nenda.

Kwa mambo ya bajeti, mafaili na usimamizi wa watumishi hata usiende mbali, Chuo cha Utumishi wa Umma kina kampasi hapo Mbeya, na Mzumbe wana ndaki yao Mbeya na utawala ndo kazi yao ya asili. Ipo pia Taasisi ya UONGOZI ya Dar, ya 2010, ila ile ni ya viongozi wa kila aina sio wa vyuo peke yake.

mama_K, Iringa

Shikamoo mzee wa Gangilonga. Nimesoma yote mpaka mwisho na naomba niseme kwa niaba ya sisi wa vyuo binafsi na vya madhehebu, maana hapo kwenye HEET sisi tunaishia kusoma tu, hela ile imeelekezwa vyuo vya umma. Kwetu ukitaka kwenda kusoma kuna vyuo mshahara unasimama au unakatwa, na nafasi yako hujui utaikuta.

Mi ni mhadhiri msaidizi nina watoto wawili, wa mwisho ana miaka 3. Kila mtu anayenishauri PhD ananiambia miaka 4 China au Korea, na mume wangu hajanikatalia ila mi mwenyewe siwezi kumuacha mtoto miaka 4. Nimetafuta karibu mwaka mzima njia ambazo mama anaweza akapita na nimepata hizi, nawawekea hapa mwingine asitafute upya.

OWSD, shirika la wanawake wanasayansi wa nchi zinazoendelea, makao yake Trieste Italia. Wanatoa fellowship ya PhD kwa wanawake wa nchi zilizo nyuma kisayansi, Tanzania tumo, unasomea kwenye nchi nyingine inayoendelea sio Ulaya, na kuna aina ya kwenda na kurudi, yani unabaki umesajiliwa kwenu unakwenda kule kwa vipindi. Ni ya sayansi, wa sheria na theolojia haituhusu. Kwa ambaye ameshamaliza PhD wanayo nyingine ya kujenga maabara na timu yake hapahapa nyumbani, inafika dola 50,000.

Commonwealth, yani Jumuiya ya Madola, wanayo ile ya split-site, unafanya PhD kwenye chuo chako huku na mwaka mmoja tu unakaa Uingereza. RUFORUM, mtandao wa vyuo vikuu vya Afrika upande wa kilimo, ya pale Makerere, kama uko kilimo au fani za jirani, wana mpango wa wasaidizi wa kufundisha, chuo mwanachama kinapeleka mwalimu wake kusoma kwenye chuo mwanachama kingine na kule hatozwi ada, chuo chake kinabeba nauli na matumizi. Hiyo inahitaji wakuu wa vyuo waongee, mtu mmoja huwezi. Na DAAD nao wana skolashipu za kusomea ndani ya nchi au ndani ya kanda hii.

Kwa uongozi wa wanawake kuna HERS, ilianzia Marekani kisha Afrika Kusini na ya Afrika Mashariki iko Uganda, wanafundisha wanawake wa vyuo vikuu tu, kuongoza vikao, majadiliano, fedha. Dada mmoja wa ofisini kwetu alihudhuria alivyorudi kitu cha kwanza alichofanya aliomba kuona bajeti ya kitivo, wakashangaa, hakuna mtu aliyewahi kuiomba.

Na zisizo na hela kabisa, AuthorAID. Nilisoma kozi yao ya kuandika makala za utafiti, onlaini, bure, wiki kadhaa, usiku watoto wakilala, bando ya simu ilitosha kwa sababu ni maandishi zaidi kuliko video. Pepa yangu ya kwanza ilikuwa imerudishwa mara mbili, baada ya kozi nikaandika upya muhtasari na sehemu ya mbinu za utafiti ikapita. Waulizeni pia wakutubi wenu kuhusu Research4Life, vyuo vya Tanzania tuko kundi la kusoma majarida bila kulipa, chuo kikijisajili tu. Nimefundisha miaka 4 kabla sijajua password ipo maktaba.

chaki_na_andalio, Iringa

Ndugu forest_mpya wenzangu wamekujibu vizuri upande wa uongozi, mi nakuja kwenye lile ulilosema linakuuma zaidi maana ndo fani yangu, mi ni mwalimu wa walimu, nafundisha elimu chuo kikuu hapa Iringa.

Tazama tulivyokaa. Iringa kuna MUCE, chuo kishiriki cha elimu cha UDSM tangu 2005, pale ilipokuwa sekondari ya Mkwawa. Kuna Chuo Kikuu cha Iringa, kuna RUCU, Mbeya mna TEKU, na vyote hivyo vina watu wa elimu. Yani barabara hii moja ya kutoka Ipogolo mpaka Uyole ina watu kibao ambao kazi yao ya kila siku ni kufundisha mtu namna ya kufundisha, na wahadhiri wa uhandisi na biashara na afya wa barabara hiyohiyo wanasema hawana pa kujifunzia. Hatuombwi! Miaka yote niliyokaa hapa nimeitwa na idara nyingine mara mbili tu, na mara zote mbili nilipewa nauli na chakula cha mchana nikaridhika kabisa.

Ukiniita mi nitafanya hivi, siku mbili. Siku ya kwanza kila mwalimu anafundisha dakika 15 kitu chochote cha kozi yake, wenzake wanakaa kama wanafunzi, simu inarekodi. Alafu anajiangalia. Mimi sisemi chochote kwanza, mwenyewe ndo anaanza kusema. Wengi wanashtuka kuona wameongea na slaidi muda wote, au wameuliza swali wakalijibu wenyewe baada ya sekunde mbili. Mhadhiri mmoja wa hesabu alihesabu aliuliza "tumeelewana?" mara 19 na hakusubiri jibu hata moja. Siku ya pili tunachukua mtihani wa mwisho wa kila mtu, tunaweka kila swali kwenye jedwali, hili linataka mwanafunzi akumbuke tu, hili aeleze, hili atumie, hili achambue. Unakuta mtihani wa mwaka wa tatu maswali manne kati ya matano ni ya kukumbuka, na mwalimu huyohuyo analalamika wanafunzi wanakariri.

Kwa lile darasa la 300, kakague kitu kimoja. Mwalimu akiongea zaidi ya dakika 20 mfululizo ukumbini, wa nyuma wameshaondoka kiakili hata maiki ikiwa nzima. Awe anasimama, anaweka swali moja, kila mtu anajadiliana na jirani yake dakika 2, anachagua watatu wa nyuma wajibu. Koo la mzee litapona pia.

Cha mwisho ambacho watu hawakitumii, mtahini wa nje. Kila mwaka chuo kinamlipia profesa nauli, hoteli na posho aje apitie mitihani, anakaa siku mbili tatu chumba kimoja na marundo, anaandika ripoti anaondoka. Huyo mtu ameshaongoza idara, ameshasimamia wanafunzi wa PhD, ameshapandishwa vyeo, amekaa kwenye bodi za majarida. Mwandikie mapema, mwombe saa tatu za jioni moja akae na walimu wako vijana. Hakuna aliyewahi kunikatalia.

Na kwa TA wako na yeyote anayetaka cheti kabisa, Chuo Kikuu Huria wana stashahada ya uzamili ya elimu kwa waliosoma digrii zisizo za ualimu, wana kituo Mbeya, anasoma huku anafanya kazi.

mtoto_wa_mwanjelwa, Mbeya

Nawaheshimu wote ila natofautiana kidogo. Mnaongea kama vile mtu ana muda. Mi nina vipindi 18 kwa wiki, wanafunzi wa kusimamia research 23, na jioni nafundisha chuo kingine kwa sababu nyumba haijaisha na ada za watoto. Ukiniita semina ya siku mbili bila posho siji, sio kwamba sipendi, nitapoteza hela ya vipindi vya jioni. Kabla ya kutuletea kozi punguzeni mzigo kwanza.

mzee_gangilonga, Iringa

Mwanangu wa Mwanjelwa, hilo ni la kweli na nimeliishi, sitakubishia. Ndo maana nikasema mkuu wa idara aanze na mgawo wa vipindi. Kwenye idara yangu tulikubaliana anayeingia kwenye mafunzo, hata ya siku mbili, anapunguziwa kozi moja muhula huo na sisi wengine tunaigawana, alafu muhula unaofuata anambebea mwenzake. Haikuwa rahisi. Wawili waligoma, muhula wa tatu nao wakaingia baada ya kuona zamu zao zinapita. Posho sikuwa nayo, muda ndo nilioweza kuutoa.

chaki_na_andalio, Iringa

Mi siku zangu naweza kuzivunja ziwe jioni nne za saa mbili mbili, ijumaa sio. Msichague tu wiki ya mitihani.

forest_mpya, Mbeya

Jamani ndaga fijo, sikutegemea. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa nayafanyia kazi kwanza.

Mzee wangu nilimfuata Jumamosi. Sikumkuta nyumbani, alikuwa shambani kwake Uyole anachimba viazi, nikavua koti nikachimba naye mpaka saa nane ndo tukaongea. Amekubali wiki 7, na kasema mwenyewe, sikumwambia mimi, kwamba yule TA alete andalio la kila kipindi siku moja kabla wapitie pamoja. Alafu akaniambia kitu ambacho sijakisahau, kwamba tangu aanze kufundisha 1994 mimi ndo mkuu wa idara wa kwanza kumuuliza anafundishaje, wengine wote walimuuliza amesahihisha lini.

Utumishi nimepeleka karatasi ya watu 6 na miaka yao. Mratibu wa HEET nimemfuata mara mbili, mara ya pili nimemkuta, kuna nafasi moja ya PhD ambayo kitivo chetu hakijajaza na mwisho ni Ijumaa hii, nimempa dada mmoja wa idarani aandike proposo yake leo usiku na mimi nitaisoma asubuhi. Barua ya kuungwa mkono UNILEAD iko kwa naibu makamu, amesema nimuachie wiki moja.

@mama_K hiyo ya split-site huyu dada angeipenda kuliko hata HEET, ana mtoto mchanga, naomba nikutafute inbox. @chaki_na_andalio jioni nne za Jumatatu hadi Alhamisi, wiki ya pili baada ya kufungua chuo, walimu 9 wameandika majina mpaka sasa na wawili wa idara ya jirani wameomba kuja. Malazi utakaa kwangu, kitanda kipo na blanketi zito lipo. @mtoto_wa_mwanjelwa kama uko karibu na sisi karibu, tunaanza saa 11 jioni na vipindi vya jioni vingi vinaanza saa 1, utawahi. Mtahini wa nje nimemwandikia jana, bado hajajibu.